Kopo Lisilo na Lebo

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo mama alivyotulea, na baada ya miaka minne ya kimya sijui nianzeje vingine. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mama naye mzima, na goti lake limempunguzia mateso. Mimi naendelea. Bado nipo kwenye ghala la vitabu la idara ya elimu, napanga vitabu vya shule na kuvifunga kwa kamba. Huku nyuma haji mtu isipokuwa mzee wa mkokoteni, naye macho yake yamechoka, kwa hiyo tunaelewana.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu za siku hizi zinataka uso. Barua haitaki.

Nina jambo moja tu. Nimepata daktari wa ngozi, mwanamke mpole mwenye miwani inayomteleza puani. Ana matibabu ambayo mtu anatolewa damu kidogo mkononi, inazungushwa kwenye mashine mpaka maji ya manjano yajitenge juu, halafu maji hayo yanarudishwa usoni kwa kalamu yenye visindano vidogo sana. Anasema dawa inatoka mwilini mwako mwenyewe. Inafanywa kila baada ya wiki nne, na ameniambia mapema kwamba ngozi haiendeshwi kwa kiboko.

Lakini anataka kujua nilipakwa nini. Nilimtajia ninavyovijua: maziwa ya kupaka, krimu mbili, na kile kitu cha kwenye kopo.

"Kopo gani?" akauliza.

"Kopo lisilo na lebo."

"Basi muulize aliyekupaka."

Nakuuliza. Niandikie majina tu, sihitaji zaidi.

Mdogo wako,
Kitinda


24 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba mara nne, moja kwa kila mwaka ambao hukuniamkia.

Barua yako aliileta karani wa ofisi ya vifurushi. Nilipoona mwandiko juu ya bahasha nilimwacha mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umetimka kama ufagio, nikaenda stoo kulia. Alinisubiri, maskini. Angeenda wapi katika hali ile?

Mama hajambo. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Anakula, analalamika, analala, anaamka analalamika tena, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Chumba chako bado ni chako ingawa nimeweka humo cherehani. Saluni inakwenda vizuri. Nimeongeza kiti cha tatu na kioo kirefu kinachofika sakafuni.

Nimefurahi mno kusikia habari za huyo daktari. Je, inauma? Je, amesema utarudi kama zamani?

Kuhusu mchanganyiko, ulikuwa mkorogo wa kawaida tu, uleule wa kila saluni. Maziwa ya kupaka, krimu ya bomba, krimu ya chupa nyeupe. Kile kingine sikikumbuki vizuri, ni siku nyingi, na aliyekuwa akiniuzia alihama. Mwambie daktari ni vitu vya kawaida. Huenda pia ni ngozi yako yenyewe. Tangu utotoni mbu akikuuma unavimba wiki nzima.

Usikae kimya tena, nakuomba.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Shikamoo. Msalimie sana mama. Mwambie nimepata ile shuka aliyotuma na nimeitandika.

Umeniuliza kama inauma. Kwanza wanakupaka dawa ya ganzi, unakaa nusu saa uso umekufa kama wa sanamu. Halafu kalamu inapita, inanguruma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Paji la uso haliumi. Juu ya mdomo ndipo unapokumbuka majina ya mababu zako. Baadaye uso unawaka siku mbili, siku ya tatu unakauka na kukwaruza kama karatasi ya msasa. Hutakiwi kupaka chochote isipokuwa krimu ya kukinga jua.

Lakini hayo nimefanyiwa kipande kidogo tu, chini ya sikio, mahali ambapo nywele zinafunika. Nilimuuliza daktari kwa nini asifanye uso wote tumalize. Akasema, "Sijui kilichoingia humu. Siwezi kujaribu kwenye uso wa mtu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akaendelea kuandika.

Nimeambiwa pia nipime mkojo, waangalie figo. Sikujua kwamba uso na figo vina undugu.

Ndiyo maana narudi kwako. "Vitu vya kawaida" daktari hakuviandika. Aliweka kalamu chini akanitazama. Nesi wake, mama mmoja mnene anayependa methali kuliko sindano, akasema nyuma yangu, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye ninayeficha.

Hebu kumbuka, dada.

Kitinda


29 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Ni msimu wa maharusi, sipati hata nafasi ya kujikuna. Mama alikuwa na mafua, amepona. Anakuombea kila siku. Anasema ujana una ujinga wake na yeye alishakusamehe zamani, urudi tu nyumbani.

Lile kopo nimejaribu kukumbuka, sipati. Yaliyopita si ndwele, Kitinda. Tugange yajayo.

Nitumie picha yako, tuone maendeleo. Nitafurahi sana.

Dada


17 Mei

Dada,

Shikamoo.

Majibu ya figo yametoka. Zinavujisha kitu ambacho hazikupaswa kuvujisha. Si sana, lakini zinavujisha. Daktari anashuku zebaki. Anasema baada ya miaka hii yote zebaki yenyewe haiwezi kuonekana tena kwenye kipimo, kwa hiyo maabara haiwezi kunisaidia. Anayeweza kunisaidia ni mtu anayejua.

Umeomba picha. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ndivyo nilivyo.

Halafu nina swali la pili. Umeandika kwamba mama amenisamehe ujinga wa ujana. Ujinga upi? Mimi nilimkosea mama nini? Ulimwambia nini nilipoondoka?

Kitinda


1 Juni

Kitinda,

Leo sikuandikii salamu. Mama ni mzima, hiyo inatosha.

Picha yako niliitazama nimesimama, nikaitazama nimekaa. Ile ngozi ya bluu chini ya macho, kama mtu aliyepakwa masizi, na yale mashavu mekundu yenye mishipa inayoonekana. Nilifunga saluni. Ni siku ya sita leo sijaifungua, wateja wanagonga wanaondoka.

Nakupa majina kwanza, ili hata ukichana barua uwe umeshayasoma. Krimu ya bomba ilikuwa na steroidi, ile kali ambayo hospitali wanampa mtu kwa siku chache kwa ukurutu. Chupa nyeupe ilikuwa haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, nguvu mara mbili ya ile inayoruhusiwa. Na kopo lilikuwa zebaki. Unga. Sijawahi kusahau. Yule muuzaji alivaa glavu alipokuwa akinipimia, na mimi nikamtania kwamba anaogopa kuharibu kucha.

Sasa lile ambalo daktari hakuuliza.

Unamkumbuka mke wa fundi viatu. Alikuja saluni wiki tatu kabla yako, amejifunga khanga usoni, akaifungua mbele yangu. Shavu lilikuwa limebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Nilimwambia amekaa juani. Alijua na mimi nilijua. Usiku huo huo nilipunguza ule unga, nikapata mchanganyiko mwepesi zaidi, lakini sikuwa na uhakika. Nilikuwa na wanawake kumi na moja wanaongoja.

Ukaja wewe. Ulikuwa umepata barua ya ajira, unakwenda kufundisha darasa la kwanza, unaimba njia nzima. Hukuniomba kitu. Mimi ndiye niliyesema, njoo nikupake kidogo uanze kazi unang'aa. Nilikupaka wewe kwanza ili nione.

Kila Jumapili nilikugeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Ulidhani nakusifia. Nilikuwa naangalia kama umeanza kuungua. Na ulipoanza kuungua niliwapunguzia wateja tena, lakini wewe nilikwambia vumilia, ngozi ya zamani inajivua. Ulivumilia miezi miwili kwa sababu nilisema mimi. Ungekuwa umeniuliza hata mara moja kwa ukali, labda ningesema. Lakini ulikuwa unaniamini, na mtu anayekuamini ni rahisi kumdanganya.

Mama nilimwambia ulijipaka vitu vya dukani kwa siri, ukaharibika, ukaona haya, ukakimbia. Ndiyo huo ujinga anaokusamehe.

Nimekaa na kalamu mpaka wino umeanza kukauka. Usiponijibu nitaelewa.

Dada yako


30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumai mama ni mzima, na wewe pia.

Miezi mitatu nimekaa na barua yako. Mara ya kwanza nilisoma mpaka kwenye majina, nikayanakili kwa daktari, nikaifunga. Wiki ya pili ndipo niliposoma yaliyobaki. Sikulia. Nilikwenda ghalani nikapanga upya rafu nzima ya vitabu vya hesabu, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Majina yamesaidia. Daktari alibadilisha mpango wote. Alinipeleka kwa mwenzake wa figo, nanywa vidonge, na kipimo cha mwezi huu kimekuwa kizuri kidogo kuliko cha mwezi uliopita. Uso alianza kuutibu wote mwezi wa sita. Nimefanyiwa mara tatu. Anasema hautakuwa ule wa zamani, nisijidanganye, utakuwa uso mzuri wa mtu aliyepitia jambo. Wekundu umeondoka karibu wote. Ile bluu bado ipo lakini imefifia, kama doa lililofuliwa mara nyingi. Nikipitisha kidole shavuni hakitelezi tena kama kwenye nailoni. Kuna ngozi pale. Inarudi polepole mno, huwezi kusema ilikuwa jana au leo.

Sasa na mimi nina langu.

Ile picha niliyokutumia haikuwa ya mwezi wa tano. Ilikuwa ya mwaka wa kwanza, nilipokuwa nimeharibika kabisa. Mwezi wa tano nilikuwa tayari nina nafuu. Daktari alikuwa amenipumzisha na krimu zote, amenipa za kutuliza, na kile kipande cha chini ya sikio kilikuwa kimefunga vizuri hata nesi akakipigia makofi. Nilijitazama kwenye kioo cha zahanati nikaona nafuu, na sikufurahi. Niliogopa. Miaka minne nimebeba hasira yangu usoni, kila mtu anaiona, sihitaji kueleza. Nikipona, itakaa wapi? Ukiniona nimepona utapumua, utasema basi yameisha. Sikutaka upumue.

Kwa hiyo nilitafuta picha mbaya kuliko zote nikaandika "ndivyo nilivyo". Ulifunga saluni siku sita kwa ajili ya uso ambao sikuwa nao tena. Ulisema kweli kwa sababu nilikudanganya. Nimejaribu kujitetea kwamba nilionewa mimi, lakini mwongo aliyeonewa bado ni mwongo. Nisamehe kwa hilo. Kwa hilo tu. Lako bado siwezi kulizungumza.

Mwezi huu idara iliniomba nishike darasa la kwanza la mwalimu aliyekwenda kujifungua. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu nikaenda. Niliingia bila kitambaa. Watoto walinitazama kama wanavyotazama kila kitu, mdomo wazi.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, uliungua?"

"Ndiyo."

"Na moto?"

"Na krimu."

Akafikiri. "Basi usipake tena." Halafu akataka kujua kama ameandika herufi m vizuri. Alikuwa ameiwekea milima mitano.

Jambo la mwisho. Ulikuwa unakoroga kwa mikono mitupu, miaka yote ile. Nakumbuka, ulikuwa unaonja ulaini kwa vidole. Nenda ukapime figo zako. Usingoje msimu wa maharusi uishe.

Kitinda


19 Septemba

Kitinda,

Marahaba.

Barua hii anakuletea mama mwenyewe. Kama unaisoma, yupo hapo mlangoni au tayari amekaa kitandani anatafuta vumbi chini yake.

Picha ile, sina la kukusamehe. Kwa siku sita niliona nilichokifanya. Hata kama wakati naiona ulikuwa umeshaanza kupona, mwaka ule ulikuwa hivyo, na mwaka ule mimi nilikuwa hapa nanunua kioo.

Nimepima. Nasubiri majibu. Nikisuka nywele vidole vinatetemeka kidogo, nilikuwa nasema ni uchovu.

Kopo lililobaki nimelipeleka kwa bwana afya. Aliniuliza nimelipata wapi, nimempaka nani, tangu lini. Niliandika maelezo yangu, kurasa mbili na nusu, nikatia sahihi. Kasema nitaitwa. Nimewazungukia wanawake ninaowakumbuka, nyumba kwa nyumba, nikawaambia walipakwa nini na waende hospitali wakapime. Wengine walinikaribisha chai kabla sijasema, na baada ya kusema chai ikapoa. Mke wa fundi viatu hakunifungulia. Alisema kupitia dirishani, "Mimi nilikuonyesha shavu langu," akavuta pazia. Na mmoja, Mungu amsaidie, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza kama lile lililobaki naweza kumwachia.

Mama nilimwambia juzi, anachambua mchele. Nilisema yote, na lile la kukugeuza uso dirishani kila Jumapili pia. Hakuniangalia. Alichambua mpaka punje ya mwisho, akaosha, akabandika, akakaa.

Akasema, "Miaka minne nimekuwa nikimsema mtoto wangu kwa kosa lako. Kila sala nilianza na kumuombea msamaha, na wewe unaitikia amina."

Nilikuwa naitikia, Kitinda. Kwa sauti.

Leo asubuhi nilimkuta amefunga mkoba. Nilitaka kumbebea mpaka stendi. Akauhamisha mkono, kutoka upande wangu akauweka upande wa pili. Tukatembea hivyo. Kwenye ngazi za basi ndipo aliponyoosha mkono nikadhani ananiaga, kumbe anataka barua; mistari hii naimalizia hapa hapa stendi, nimeegemea basi.

Mpokee vizuri. Mimi nipo.

Dada


4 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mama alifika salama Alhamisi ile aliyoondoka, goti lilivimba kwa safari lakini limeshapungua. Anakula. Ameshapanga upya sufuria zangu na amegombana na mwenye nyumba kuhusu bomba, na bomba limetengenezwa.

Nilifungua mlango nikamwona. Hakuingia. Aliweka mkoba chini, akanishika uso kwa mikono miwili, akaupeleka kwenye mwanga. Nilishtuka, nikataka kujitoa. Hakuna mtu aliyenigeuza hivyo tangu wewe. Yeye hakuwa anatafuta kitu. Alitazama tu mpaka akatosheka, akasema, "Umekonda." Halafu akaketi pale pale kizingitini akalia, akaniomba msamaha kwa maneno ambayo alikuwa akiyasema kunihusu wakati sipo. Mengine sikuwa nayajua. Heri asingeniambia.

Jana alinisindikiza kwa daktari. Alitazama damu yangu inavyozunguka kwenye mashine, akauliza maswali mpaka daktari akavua miwani. Yeye na nesi wamepatana, walishindana kwa methali mpaka wagonjwa wengine wakaanza kuhesabu nani anaongoza. Tulipofika nyumbani mama alivua viatu, akajinyoosha, akauliza, "Dada yako anakuja lini?"

Nikamwambia hajaalikwa.

"Na nani?"

"Na mimi, mama. Bado sijamsamehe. Nikiwa napiga mswaki namkumbuka, nashindwa kumaliza."

Nilitegemea aniambie damu nzito kuliko maji. Badala yake alisugua goti lake, akasema, "Mimi pia bado. Njiani kote nilikuwa namtafutia maneno, nikayapata, nikayakataa. Lakini majibu yake ya figo yametoka jana, alinipigia. Si mazuri. Na pale nyumbani yuko peke yake."

Hukuniandikia hilo. Tumerudia yaleyale, dada, kufichana magonjwa.

Nimeongea na daktari. Atakuona Jumanne ya wiki ijayo, yeye na mwenzake wa figo siku moja. Njoo na karatasi zako zote za vipimo. Usije na zawadi, na usije na maneno uliyoyapanga, mimi yangu nimeyapanga mara nyingi na hayafai. Utalala chumba kimoja na mama, au chumba kimoja na mimi, tutaona nani atakuwa na hasira kidogo siku hiyo. Asubuhi mimi huwa nakwenda kufundisha, kwa hiyo ufunguo nitauacha kwa mama.

Panda basi la alfajiri ufike mapema. Nitakuja stendi kukupokea.

Kitinda